Okwi Alitukuta Lomami

Kutoka Kisangani kwenda Opala kuna njia mbili, na kila unayemwuliza atakusifia ile asiyoitumia yeye. Ya nchi kavu inaanzia Lubunga, ng'ambo ya mto: unapanda pikipiki, unaingia msituni, na hali ya madaraja ndiyo inayoamua utafika lini. Ya maji ni ndefu zaidi, lakini angalau mtu anakaa. Unateremka mto Kongo, unaipita Yangambi, unafika Isangi ambako Lomami inamwaga maji yake, kisha chombo kinageuka na kuanza kuipanda Lomami hadi Opala. Juni 2019 nilichukua ya maji. Nilikuwa nafuatilia habari za mpunga, na mzigo mzito katika jimbo la Tshopo husafiri kwa mto.

Juma lile Kisangani haikutaka kusikia habari za mpunga. Jumamosi tarehe 22 Leopards, timu ya taifa ya Kongo, walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cairo, wapinzani wao Uganda. Vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walifunga vitambaa vya buluu na nyekundu kwenye usukani, na bandarini wapagazi walibishana kuhusu idadi ya magoli tu. Ushindi wenyewe haukuwa na mjadala.

Walikuwa na sababu. Uganda hawakuwa wameshinda hata mechi moja katika fainali za kombe hilo tangu 1978. Kongo ilikuwa imeshika nafasi ya tatu mwaka 2015 na kufika robo fainali 2017, kocha akiwa Florent Ibenge yule yule. Zaidi ya hayo, Aprili TP Mazembe walikuwa wamewachapa Simba wa Dar es Salaam 4-1 pale Lubumbashi. Goli lile moja la Simba lilifungwa na Mganda, Emmanuel Okwi, mechi ikiwa haijapata hata joto. Lakini nani huweka akilini goli la aliyefungwa nne?

Chombo chetu kilikuwa baleinyeri ya mbao, ndefu, yenye turubai katikati na injini nyuma. Kwenda juu kilibeba chumvi, sabuni, mabati, madumu ya petroli na makayabo, yaani samaki wa chumvi. Kurudi kingebeba mchele, mawese na mkaa. Abiria walikaa juu ya mizigo, kila mmoja akilinda kipande chake. Kapiteni alikuwa mtu wa maneno machache, aliyetangaza mapema kwamba mpira haumhusu: yeye kazi yake ni petroli na magogo yaliyozama.

Yangambi tuliipita mchana, na majengo yake ya utafiti wa kilimo, yaliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, yakionekana juu ya ukingo. Isangi tulikaa kuliko ilivyopangwa, kwa ajili ya dumu moja la mafuta na mabishano marefu juu yake. Kwa hiyo Jumamosi ikatukuta bado tuko Lomami, maji ya rangi ya chai, msitu pande zote mbili, na Opala bado iko mbele sana.

Saa ya Cairo na ya Kisangani ilikuwa moja wakati ule. Saa kumi na nusu alasiri mechi ilipoanza, fundi wa injini alitoa redio yake. Kilikuwa kisanduku cheusi kisicho na kifuniko cha nyuma, betri zimeshikiliwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, antena imeongezewa waya wa shaba uliozungushwa kwenye nguzo ya turubai. Aliposogeza mkono sauti ilikuja, alipouondoa ilipotea. Basi akabaki ameushika ule waya, na mwenzake akachukua usukani wa injini.

Injini ndiyo iliyokuwa tatizo. Mtangazaji alizungumza Kifaransa cha haraka, na katika kila maneno matano injini ilikula manne. Dakika ya 14 tukasikia uwanja umelipuka. Nusu ya abiria walisimama, chombo kikayumba, mtoto mmoja akarushwa juu na kudakwa. Tulishangilia kwa muda wa kutosha kuona aibu baadaye, maana kelele za uwanja hazina uraia. Mtangazaji aliporudi alitaja jina la Patrick Kaddu, kwa kichwa, kutoka kona ya Okwi. Uganda moja, Kongo bila.

"Papa kapiteni, zima injini tusikie vizuri," akasema kijana mmoja mwenye marobota ya vitenge.

"Nikizima, mto unaturudisha Isangi."

"Funga kwenye mti basi," akadakia mama wa makayabo. "Samaki wangu ni wa chumvi. Wanaweza kungoja."

Kapiteni hakujibu. Lakini ilipofika mapumziko, bila mtu kumwomba tena, alipeleka chombo ukingoni, akamwamuru kijana wa mbele afunge kamba kwenye shina lililoinama juu ya maji, na injini ikazimwa. Ghafla tukasikia kila kitu: ndege, maji yakigonga mbao, na redio ikiwa safi kana kwamba mtangazaji amekaa juu ya gunia la chumvi. Watu walisogea. Hata kapiteni alisogea, akijifanya anakagua kamba.

Dakika tatu baada ya kipindi cha pili kuanza, Farouk Miya alipiga mpira wa adhabu na Okwi akauingiza kwa kichwa. Hili tulilisikia vizuri mno.

Jambo lililofuata si kilio. Mashabiki wa Kongo wakifungwa hufungua mahakama. Kijana wa vitenge alimshtaki kipa, fundi akawashtaki mabeki, mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi likizo akamshtaki kocha kwa kuwaamini wachezaji wa Ulaya waliozoea nyasi za zulia. Mama wa makayabo aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijalisikia likijibiwa vizuri na mchambuzi yeyote: "Goli la kwanza kona, la pili mpira wa adhabu. Mpira umesimama, watu wote wamesimama, mnamwona mtu yule kichwa chake kiko wapi. Mnafungwaje?"

Mechi haikuwa imekwisha kapiteni alipoamuru kamba ifunguliwe. Giza lilikuwa linakaribia, na magogo ya Lomami hayangoji filimbi. Matokeo ya mwisho, 2-0, tuliyapata kwa kubahatisha maneno kati ya ngurumo moja ya injini na nyingine.

Opala ni mji mdogo juu ya ukingo wa Lomami, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo hilo. Duniani haujulikani sana, ila kwa watu wa elimu ya wanyama. Mwaka 2007 watafiti walimkuta hapa kima mchanga akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi, uso mrefu kama wa mtu anayefikiri. Wenyeji walimwita lesula. Sayansi haikuwa na habari zake hadi alipotangazwa rasmi mwaka 2012. Mwalimu mmoja aliniambia habari hiyo kwa fahari, akaongeza kwamba lesula naye angezuia ile kona.

Nilikuwa nimedhani kwamba sisi wa mtoni ndio tulioteseka. Kumbe hali ya walioona kwa macho ilikuwa mbaya zaidi. Nganda moja, yaani baa, karibu na soko ilikuwa na dishi na jenereta, na Jumamosi ilijaa hadi nje. Kiingilio kilikuwa noti ya franga, petroli ya jenereta ilichangwa, na baada ya goli la pili baadhi ya watu walitaka warudishiwe pesa zao. Mwenye nganda alikuwa bado analisimulia jambo hilo kwa hasira. "Nimewaonyesha mechi," alisema. "Sikuicheza mimi."

Humo ndani kesi ilikuwa na mawakili waliojipanga. Ibenge alikuwa pia kocha wa AS Vita Club ya Kinshasa, kwa hiyo mashabiki wa Mazembe waliona kosa lake hata katika mpangilio wa soksi, na wa Vita walimtetea kana kwamba ni shemeji yao. Kundi la tatu, la vijana, halikuwa na klabu ya Kongo hata moja. Lilihesabu majina: Cédric Bakambu, Chancel Mbemba, Yannick Bolasie, Britt Assombalonga. Kwa majina hayo, walisema, hufungwi na Uganda. Ndiyo maneno yaliyorudiwa zaidi siku zile, "hufungwi na Uganda", na kwa kweli yalikuwa na dharau ndani yake. Timu ya Sébastien Desabre, kocha wa Uganda wakati ule, ilicheza vizuri kuliko Kongo, na hilo nililisikia likisemwa na mtu mmoja tu, seremala mzee aliyekuwa akipiga randa mbao za kitanda kando ya njia.

Huyo ndiye niliyekaa naye zaidi. Mwaka 1974 alikuwa kijana Kisangani, na alikuwa mbele ya redio ya jirani tarehe 14 Juni, siku Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia dhidi ya Scotland kule Dortmund. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko, mabingwa wa Afrika, na Ndaye Mulamba alikuwa ametoka kufunga magoli tisa katika kombe la bara. Peter Lorimer akafunga, Joe Jordan akafunga. Mbili bila.

"Matokeo ni yale yale ya juzi," mzee alisema. "Na mtaani tuliona si aibu. Mbili kwa Wazungu, mara ya kwanza? Tulisema mechi ya pili tutapata."

Mechi ya pili ilikuwa 9-0. Yugoslavia walifunga matatu ya haraka, kipa Kazadi akatolewa, Tubilandu akaingia na kuokota yaliyobaki. Kati ya mechi hizo mbili wachezaji walikuwa wamegundua kwamba posho walizoahidiwa hazitafika, na wakafikiria kugoma. Mwepu Ilunga, mmoja wa wachezaji hao, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba kabla ya kucheza na Brazil walitishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa zaidi ya matatu, wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu kamili.

Kwa hiyo seremala hakutaka kuzungumzia kona wala kichwa cha Okwi. Swali lake lilikuwa moja, na alilielekeza kwangu kwa kuwa ninatoka mjini na ninaandika: "Mdogo wangu, wamelipwa?"

Mwalimu, aliyekuwa amefuatana nami, alimpinga kwa adabu. "Papa, 2017 kule Gabon waligoma mazoezi kwa ajili ya posho, na bado wakaipiga Morocco goli moja bila." Alisema kweli, Junior Kabananga ndiye aliyefunga. Mzee alikubali tarehe na mfungaji, ila hakukubali hoja. Timu inayoshinda ikiwa na njaa, alisema, inamkopesha waziri ujasiri wa kutolipa tena. Nikiwa na haki ya kuamua, kesi ile nampa yeye.

Jumatano usiku ikaja mechi ya pili ya Kongo kule Cairo, dhidi ya wenyeji Misri: Elmohamady akafunga, kisha Salah. Mbili bila tena. Safari hii nganda haikujaa, na mwenye nganda alikusanya pesa akiwa amesimama karibu na mlango, asije mtu akabadili mawazo.

Hapo mwalimu akachukua chaki. Lile lilikuwa kombe la kwanza la timu 24, na washindi wa tatu wanne walikuwa wanapita. Juu ya ubao wa mlango alichora makundi yote sita, na watu wa Opala wakaanza kufuatilia mechi za mataifa ambayo juma moja nyuma hawakuwa na haja nayo. Wakagundua kwamba majirani nao wameanza vibaya. Burundi ilifungwa 1-0 na Nigeria, Kenya 2-0 na Algeria, Tanzania 2-0 na Senegal. Katika ukanda wote ni Uganda pekee walioanza kwa kicheko. Habari hiyo iliwafariji watu kuliko hotuba yoyote, na mwenye nganda akaanza kusema "sisi wa Afrika Mashariki", jambo ambalo Opala hulisikii kila siku.

Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, wanafunzi waliandamana asubuhi kwa sare zilizopigwa pasi, na usiku Kongo wakaifunga Zimbabwe 4-0. Jonathan Bolingi alianza dakika ya nne, Bakambu akaongeza mawili, Assombalonga akamaliza. Mwalimu alifanya hesabu papo hapo: pointi tatu, magoli manne ya kufunga na manne ya kufungwa, sifuri kamili. Kenya nao walimaliza na pointi tatu, lakini wakiwa na deni la magoli manne, wakafungasha virago. Kongo wakapita. Mahakama ikaahirishwa bila hukumu, na wale waliotaka kurudishiwa pesa zao walionekana mstari wa mbele wakimnunulia mwenye nganda bia.

Tarehe 7 Julai nilikuwa nimerudi Isangi, nikingoja chombo cha Kisangani juu ya magunia ya mchele. Madagascar, waliokuwa kwenye kombe hilo kwa mara ya kwanza, walitoka sare 2-2 na Kongo, Mbemba akisawazisha dakika ya 90, kisha ikaja mikwaju. Marcel Tisserand akakosa, Bolasie akakosa. Bandarini mnunuzi mmoja alijaribu bahati yake muda ule ule, akamwomba mama mwenye mchele ampunguzie kidogo kwenye gunia kwa sababu ya msiba wa taifa. Mama alimwambia hiyo tofauti akamdai Tisserand.