Usukani wa Mjomba

Likizo ya mwezi wa Juni naliimaliza kwa mjomba wangu, Lushoto. Mjomba ana motokaa ndogo ya abiria, naye hushuka nayo Mombo na kupanda tena karibu kila siku. Ninyi mliopita njia ile mnaijua: ni zaidi ya kilomita 30 za kupindapinda, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Basi asubuhi ya kwanza, mjomba alipokuwa akiigeuza motokaa uani, nikasikia mlio kama wa ng'ombe anayeguna zizini. Ulizidi kila alipokata kona polepole, nao usukani ulikuwa mzito, ukishtukashtuka mikononi. Mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, ninyi mnaosoma fizikia, huu ni ugonjwa gani?" Kusema kweli sikuwa na hakika, lakini niliona haya kunyamaza. Nikajibu kwamba ni mkanda unaozungusha pampu ya usukani, umelegea. Mjomba akanunua mkanda mpya kwa mapato ya siku mbili. Tukaufunga. Mlio ukabaki vile vile.

Kesho yake chai haikuwa na sukari, nami nilijua kwa nini.

Tukaipeleka motokaa kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mparachichi. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Nani kawaambia mkanda?" Mjomba akanitazama. Mzee akacheka, akasema, "Mkanda ukilegea hulia kwa ukali, kwii, hasa usukani ukikatwa mpaka mwisho. Huu unaguna. Pampu huguna ikinywa hewa."

Akaniita niangalie ndani ya kopo la mafuta ya usukani, injini ikiunguruma. Mafuta yalikuwa na povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Alipozima injini, mafuta yakapanda kidogo koponi. Hewa iliyokuwa imebanwa ndani ilitanuka. Hapo nikaona aibu mara ya pili, kwa sababu jambo hili tulifundishwa darasani. Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba ukikigandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo hufika sawa pande zote. Mafuta hayakubali kubanika, hewa hubanika. Kwa hiyo mafuta yenye hewa husaidia mikono ya dereva kwa kushtukashtuka tu. Nalijibu swali hilo katika mtihani, nikapata alama zote. (Motokaa nyingi za siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, hazina mafuta hayo, ya mjomba ni ya zamani.)

Lakini hewa iliingia wapi, na chini hapakuwa na tone lo lote? Mzee akapitisha kidole juu ya mpira utokao kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Penye kibano palikuwa na unyevu kidogo ulioshika vumbi. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka chini ya kibano. Mahali hapo pampu hufyonza, kwa hiyo injini ikiwaka hewa huingia badala ya mafuta kutoka. Tukatia mpira mpya, kibano kipya na mafuta mapya.

Kazi ya kutoa hewa nilipewa mimi. Tuliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, tukainua mbele kwa jeki na kuegemeza juu ya magogo. Injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara nyingi, huku mzee akiongeza mafuta. Kisha tukawasha injini, tukarudia. Alinikataza kuushikilia mwishoni, maana pampu huumia. Povu likaisha. Mlio ukaisha! Nikadhani tumemaliza.

Mzee alikuwa bado amechuchumaa. Akashika gurudumu la kushoto ubavuni kwa mikono miwili, akalitikisa: ko! Akatikisa tena: ko! Sauti ile nalikuwa nimeisikia siku zote katika mashimo ya barabara, na mjomba pia, tukasema ni mashimo. Masikio yetu yalikuwa kwenye mlio mkubwa. Kumbe kiungo cha tairodi, kile chuma kinachovuta gurudumu usukani unapozungushwa, kilikuwa kimekwisha kabisa. Kikichomoka, gurudumu halimfuati dereva. Mjomba alikuwa ameahidi abiria wanne kuwashusha Mombo alfajiri, na mdogo wangu wa kike alikuwa mmoja wao. Nilimwona mjomba akivua kofia yake, akaishika tu.

Abiria wale walitafutiwa motokaa nyingine. Mzee alipofungua kiungo cha zamani aliniambia nihesabu mizunguko, nikapata 14. Kipya kikarudishwa kwa mizunguko ile ile, kikatiwa pini, kisha mjomba akaenda Korogwe kupimiwa mwelekeo wa magurudumu.

Siku ya kurudi shuleni tulishuka sote. Tulipoikaribia Soni mjomba akazima redio, hakusema kwa nini. Tukasikiliza kila kona mpaka Mombo. Mkanda wa zamani, ambao haukuwa na kosa lo lote, ameuweka nyuma pamoja na jeki, nami niliuona nilipokuwa nikitoa sanduku langu.