Uwanja wa Michezo Usio na Ukuta

Ninyi mnaokaa Dar es Salaam na watoto wadogo mnalijua swali la Jumamosi asubuhi: "Leo tunakwenda wapi?" Swali ni dogo, lakini jibu lake ni zito. Viwanja vya mitaani ambamo zamani watoto walicheza rede na kombolela, vingi vimekwisha kujengwa nyumba, na vichochoro vilivyobaki hupita pikipiki. Zipo bembea na mabwawa ya kulipia, nazo si mbaya. Lakini baba mwenye watoto wanne, akisha kulipa mlangoni na kuwanunulia soda, hutoka na mfuko mtupu. Basi wengi huwaacha watoto mbele ya televisheni au simu, wakasema, "Angalau wametulia."

Lakini mtoto kutulia kutwa nzima si dalili ya afya. Kucheza ndiyo kazi yake. Hata mataifa yalipopatana juu ya haki za mtoto mwaka 1989, hawakusahau jambo hili: kifungu cha 31 chasema kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tanzania ilikubali mapatano hayo mwaka 1991.

Watoto hupenda nini?

Huko Denmark alikuwako fundi wa kupanga bustani, jina lake Sørensen. Alitengeneza viwanja vizuri vya watoto, kisha akaona ya kuwa watoto huviacha na kwenda kuchezea vipande vya mbao na matofali mahali panapojengwa nyumba. Hakukasirika, alijifunza. Mwaka 1943, wakati wa vita, ukafunguliwa karibu na mji wa Copenhagen uwanja wa namna mpya: hapana bembea nzuri, bali mbao, udongo na vitu vilivyotupwa, watoto wajenge wanavyotaka. Baada ya vita, bibi mmoja Mwingereza, Lady Allen, aliutazama akapendezwa, na Waingereza wakafungua viwanja kama huo katika sehemu za miji zilizobomolewa na mabomu.

Sasa, msomaji, tunacho kiwanja cha namna hiyo karibu nasi, wala hakuna fundi aliyelipwa kukipanga. Panda basi la Bagamoyo, pita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Ni kilomita 70 hivi. Ukifika, teremka hadi pwani, uwavue watoto viatu.

Bahari ndiyo mwenye uwanja

Bahari ya Bagamoyo haina kina kirefu karibu na nchi. Maji yakipwa hurudi mbali sana, na mashua hubaki zimelala ubavu juu ya mchanga. Hapo ndipo uwanja unapofunguliwa. Mchanga mbichi hukubali kila kitu: nyumba, barabara, mashimo ya bao. Kifuu cha nazi na jani kavu huwa jahazi lenye tanga. Kaa hukimbia upande upande, na watoto humfuata wakicheka mpaka aingie shimoni.

Lakini uwanja huu unafunguliwa na kufungwa, na mzazi hana budi kujua saa zake. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na dakika chache, kisha hupwa kwa muda kama huo. Na kila siku majira yake husogea mbele kiasi cha dakika 50. Basi kama Jumamosi maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, Jumapili yatapwa karibu na saa tano. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Wakati huo maji hutoka mbali zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi. Usikisie. Mwulize mvuvi yeyote, "Mzee, maji yanajaa saa ngapi?" naye atakujibu bila ya kutazama saa.

Uwafanyie watoto mchezo huu: simamisheni kijiti pale maji yanapoishia, mkae kidogo, kisha mtazame. Mtoto wa miaka mitano atakayeona kijiti chake kikizungukwa na maji amejifunza somo ambalo hatalisahau. Tena amejifunza kuiheshimu bahari.

Kanuni za uwanja ni chache. Mtu mzima akae daima upande wa bahari, watoto upande wa nchi. Maji yasipite magoti yao. Wasipande mashua wala kuvuta nyavu, maana hizo si vitu vya kuchezea. Ni chakula cha watoto wengine. Kombe lenye mdudu hai liachwe lilipo. Jua la saa sita lisiwakute mchangani bila kofia na maji ya kunywa. Na wakikutana na wazee, waseme, "Shikamoo." Watoto wenyeji wa pale watakuja wenyewe, usiwafukuze. Kabla ya robo saa kupita watakuwa wamewafundisha wako mchezo usioujua wewe.

Mbuyu uliomeza mnyororo

Jua likiwa kali, wapelekeni kwenye kivuli cha misioni ya Wakatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianza kazi pale mwaka 1868. Kuna njia yenye miembe mikubwa, makumbusho, na mbuyu mnene sana. Waambie watoto washikane mikono kuuzunguka, wahesabu ni wangapi wanaotosha. Kisha waonyeshe kipande cha mnyororo kinachotokeza katika gome lake. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake kwa mnyororo huo, ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa hata ukaumeza.

Karibu yake uko mnara wa kanisa la zamani. Ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuuchukua kwa miguu kwa muda wa miezi mingi kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Watoto watawapenda Chuma na Susi, maana uaminifu ni kitu wanachokifahamu upesi.

Lakini hapo hapo litakuja swali gumu. Katika makumbusho wataona minyororo ya namna nyingine, wala si ya punda. Wengi wa wakazi wa kwanza wa misioni walikuwa watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Unguja. Nao hawakuishi kwa michezo. Kengele iliwaita kwenye sala, shule na kazi za shamba. Mtoto wako atauliza, "Mama zao walikuwa wapi?"

Usimdanganye, wala usimjaze hofu kwa habari za majeraha. Mwambie kweli kwa maneno machache: "Walitengwa na mama zao kwa nguvu, na wengi hawakuwaona tena. Lilikuwa kosa kubwa, na watu wakalikomesha." Kisha nyamaza, umshike mkono. Soko lile la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mtoto mdogo hahitaji zaidi ya hayo kwa siku moja. Lililobaki atakuuliza akikua, naye atakuuliza wewe kwa kuwa hukumkimbia mara ya kwanza.

Kama mna nafasi, nendeni pia Kaole, kilomita tano hivi kusini, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale ya Waislamu. Hapo watoto watembee taratibu, wasipande juu ya mawe. Ni vema wajue mapema kwamba mahali pa heshima pa jirani ni pa heshima kwetu pia.

Neno la mwisho

Watu hubishana juu ya jina la Bagamoyo. Wengine husema mpagazi alibwaga moyo kwa furaha ya kufika. Wengine husema mtumwa alibwaga moyo kwa kukata tamaa. Vyovyote iwavyo, mchanga ambao zamani uliwaona watoto wakipakiwa vyomboni kama mizigo, leo huwaona watoto wakiunda jahazi za vifuu. Nabii Zekaria alipoutabiri mji uliorudishiwa amani, alitaja mambo mawili tu katika njia zake: wazee wenye mikongojo wamekaa, na watoto wanacheza. Hakutaja ukuta wala soko.

Basi, baba na mama, chagueni Jumamosi moja mwezi huu ambayo maji yatapwa asubuhi. Pikeni mihogo, chukueni chupa za maji na nguo za kubadili. Simu ikae kikapuni. Na mkisha kufika, msisimame tu kuwatazama watoto kwa mbali. Kaeni mchangani, mchimbe nao.