Magadi ya Katesh

Muuza magadi pale Katesh aliniuliza kama napika makande. Nikamjibu nakwenda Nangwa kuyapasua maji. Akanipimia bila neno jingine.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuvuka Babati. Tangu Arusha nilipakata kopo lenye vipande viwili vya wavu wa nikeli, vimepakwa unga mweusi kama masizi. Ndani ya unga ule mna metali tano: chuma, kobalti, nikeli, kromiamu na manganizi, kwa viwango vinavyokaribiana, hata huwezi kusema ipi mwenyeji, ipi mgeni. Mwaka 2004 Jien-Wei Yeh wa Taiwan na Brian Cantor wa Uingereza, kila mmoja kivyake, waliandika kuhusu aloi za namna hii. Ungetarajia metali nyingi hivyo zijitenge. Kumbe vurugu yenyewe, wataalamu wanaiita entropia, husaidia kuzishikamanisha. Chembe zikiwa za nanomita chache tu, sehemu kubwa ya atomi hukaa nje, zinakogusana na maji. Kichocheo kizuri kwa kazi ya kupasua maji ni iridiamu, nayo ni adimu kuliko dhahabu; unga huu ni jaribio la kushika nafasi yake.

Bodaboda ilipita tukiuona Mlima Hanang. Dereva hakutaja maporomoko ya tope yaliyoshuka mlimani humo Desemba 2023, nami sikuthubutu kuuliza. Barabara ya vumbi ilitutikisa vilivyo. Nilipofungua kopo uani kwa wenyeji wangu, kipande kimoja kilikuwa kimebaki king'aavu, unga wake wote umelala chini. Miezi mitatu ya maabara, na hakuna aliyefikiria kuujaribu kwenye bodaboda!

Mama mwenyeji alichota maji ndooni. "Kikombe kimoja tu, mwanangu. Kisima kiko mbali."

Nikakoroga magadi humo, nikaunganisha vipande na betri kwa zamu, kila kimoja upande uleule. Kinadharia volti 1.23 zinatosha kutenganisha maji. Kwa vitendo yanadai zaidi, na ziada hiyo ndiyo ambayo kichocheo huipunguza. Kipande kilichobanduka unga kilitoa viputo vya hapa na pale. Kile chenye unga kilifunikwa na viputo vidogo vyeupe, vikipanda kwa mistari. Huenda niliona tofauti kubwa kuliko iliyokuwepo. Ni kazi yangu, macho yangu yana upendeleo.

Watoto walitaka nirudie. Mama akatazama ndoo, kisha akachukua magadi yaliyobaki na kuyatia kwenye sufuria ya makande.