Picha Inapogoma Wakati wa Mvua



Kila mvua zinapoanza katika milima yetu ya Kalinzi, malalamiko ya namna moja hutufikia kutoka nyumba nyingi: televisheni haionyeshi. Picha hukatika vipande vya mraba, sauti hukwaruza, kisha kioo huandika kwamba hakuna mawimbi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo. Tunawajua wazee wasioweza tena kutoka kitandani, ambao dirisha lao la kuuona ulimwengu ni kile kioo. Tunazijua familia zilizotoa fedha ya kahawa kununua king'amuzi kipya, kumbe cha zamani kilikuwa kizima. Na tunawajua vijana wanaopanda juu ya bati lenye utelezi, radi zikinguruma, ili mechi isiwapite. Kwa ajili ya hao tunaandika juma hili.

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, zikizunguka sambamba na dunia; ndiyo maana kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Mawimbi yake hufika yakiwa yamechoka sana, na kazi ya dishi ni kuyakusanya na kuyaelekeza kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele yake, yaani LNB. Dishi likigeuka nyuzi 1 tu, huko juu linakuwa limeelekea pembeni kwa zaidi ya kilomita 600. Upepo mmoja, au mbuzi mmoja anayejikuna kwenye nguzo, anatosha.

Mvua nayo ina sehemu yake. Mawimbi yanayopokelewa na madishi madogo yana urefu wa sentimita 2.5 hivi, na matone makubwa huyameza na kuyatawanya. Hata jua lina zamu yake: karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba hupita nyuma ya setilaiti, na kelele zake hufunika mawimbi kwa dakika chache kila siku, kwa siku kadhaa. Hapo hakuna cha kutengeneza; ni kungoja.

Lakini mvua ya kawaida ikikata picha kila mara, tujue kuna kasoro iliyokuwapo kabla ya mvua. Wakati wa antena za zamani, kasoro ilijitangaza mapema: chenga zilianza chache, zikaongezeka, mtu akajua mambo yanaharibika. Nchi yetu ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam, na tangu hapo tumezoea picha za dijitali. Hizi hazionyi. Mawimbi yanaweza kupungua mwezi hata mwezi na picha ikabaki safi kabisa, mpaka siku yanapovuka mpaka wa mwisho, na kioo kinakuwa cheusi kwa mara moja. Mvua hulaumiwa, ingawa ilikuta akiba imekwisha.

Kwetu parokiani, msimu uliopita, picha ilipotea kila jioni yenye mawingu. Fundi wa kwanza alishauri tununue dishi kubwa zaidi. Tuliamua kwanza kufungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, siku ya jua kali. Nguvu ilikuwa nzuri. Ubora ulikuwa chini. Tulichomoa king'amuzi kwenye umeme, kwa sababu waya wa dishi hubeba umeme mdogo wa volti 13 au 18, na nyaya zikigusana huweza kukiunguza. Tulipofungua konekta ya LNB, maji yalidondoka, na shaba ya ndani ilikuwa imekuwa ya kijani. Tulikata waya mpaka penye shaba inayong'aa, tukafunga konekta mpya, tukaizungushia mpira wa baiskeli, na kuuacha waya uning'inie kidogo ili maji yadondoke chini yasiingie. Dishi halikuguswa.

Basi, mpendwa, fuata utaratibu huo. Soma kwanza maneno ya kioo: kifurushi kilichokwisha si sawa na mawimbi yaliyopotea. Kagua konekta zote. Tazama kama nyigu wamejenga kwenye LNB, au kama mgomba uliokuwa mfupi siku ya kufunga dishi sasa umelikinga. Kuligeuza dishi kuwe jambo la mwisho, na kabla ya hapo chora alama mahali lilipo. Kisha mmoja ageuze kidogo sana na kungoja sekunde kadhaa, mwingine asome namba ndani. Na kama kuna radi, asipande mtu. Hakuna mechi inayolingana na uhai wa mtoto.

Tumejifunza kwamba picha safi si ushahidi wa afya. Ubora hupimwa siku ya jua, wakati hakuna anayelalamika. Na hata nyumba zetu ziko hivyo: ukimya wa mezani tunauita amani, mpaka dhoruba ndogo inapotuonyesha kwamba akiba ya maelewano ilikwisha siku nyingi. Heri anayeuliza mapema.

Juma hili, mpitie jirani mzee, umkagulie konekta zake, kisha ukae naye kidogo.

Tunawatakia Dominika njema.