Shift Mara Tano

Kila aliyewahi kukalia kompyuta ya stesheneri anakijua kile kidirisha. Umebonyeza Shift mara tano bila kukusudia, labda unawaza, labda umekasirika. Kompyuta inalia, kidirisha kinatokea, kinauliza kama unataka Shift, Ctrl na Alt zihesabike zimeshikiliwa hata ukiziachia. Watu wote ninaowafahamu hubonyeza Hapana bila kusoma. Mimi nilibonyeza Ndiyo, Kasulu mjini, mwaka 2017, nikiwa na miaka 19 na kazi ya muda ya kuchapa barua za watu wakati nasubiri chuo.

Mkono wangu wa kulia uliungua nikiwa na miaka 2. Mama alikuwa ameenda Mtabila. Siku hizi ukitaja Mtabila vijana wanafikiria kambi ya JKT, lakini wakati ule ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, na soko lake lilikuwa soko letu pia sisi Waha wa vijiji vya jirani. Mama alipeleka ndizi na mihogo, akarudi na unga wa mahindi na mafuta ya mgao. Lugha haikuwa tatizo, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Siku hiyo niliachiwa dada, naye alikuwa na miaka 8. Nikaangukia mafigani. Aliyenibeba hadi zahanati ya kambini ni mama mmoja mkimbizi aliyekuwa akipita na kuni. Nilipona, ila vidole vitatu vya katikati vilishikamana, na viwili vilivyobaki havina nguvu.

Utaniuliza kwa nini nisishike mausi kwa mkono wa kushoto. (Vitabu vinasema kipanya, stesheneri hakuna anayesema kipanya.) Nimejaribu. Ukiwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi, ukishika mausi hakuna wa kuandika. Unaandika neno, unaacha, unatafuta mshale, unarudi, umesahau ulikuwa unasema nini.

Bahati yangu ni kwamba mausi ya pale stesheneri ilikuwa imekatika waya na mwenye duka hakuona haja ya kununua nyingine. Alizunguka kompyuta nzima kwa Tab, Alt na mishale, haraka kuliko wenye mausi nzima. Pale kutoshika mausi hakukuwa kilema, ndivyo duka lilivyokuwa. Nikajifunza kwake. Nilichoshindwa ni amri zinazotaka vidole viwili au vitatu kwa wakati mmoja, mpaka siku ile ya kidirisha. Tangu hapo nabonyeza Ctrl, naachia, kisha P, na karatasi inatoka.

Baadaye nikagundua kubwa zaidi. Ukibonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, zile namba za upande wa kulia wa kibodi zinageuka kuwa mausi. Nane inapeleka mshale juu, mbili chini, nne kushoto, sita kulia. Namba za pembeni zinakwenda mshazari. Tano inabofya. Alama ya kujumlisha inabofya mara mbili. Sifuri inakamata kitu ukiburute, nukta inakiachia. Ndiyo maana laptopu yangu ni kubwa na nzito, ya mtumba: ndogo nyingi hazina zile namba.

Vitu hivi vilibuniwa Marekani, katika Kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa ajili ya watu wenye mikono kama wangu, kisha vikaingizwa ndani ya Windows 95. Vimo kwenye kila kompyuta ya Windows iliyopandishwa basi hadi Kasulu. Hakuna aliyelazimika kuvinunua.

Lakini vinaweza kuzimwa. Kwenye maabara ya kompyuta chuoni vilikuwa vimezimwa kwa sababu mlio wake unasumbua. Kuomba viwashwe kulimaanisha kueleza kwa nini, na mimi nilikuwa nimekaa miaka yote na mkono ndani ya mfuko wa sweta. Sikuomba. Nilifanya kazi zangu usiku kwenye laptopu. Shahada ya kwanza ikapita hivyo.

Kwenye uzamili tukapewa jaribio la takwimu la saa 2, kwenye kompyuta za maabara, programu yenye menyu juu ya menyu. Muda ulipoisha nilikuwa swali la tatu. Kesho yake nilienda kwa mwalimu, nikautoa mkono, nikauweka juu ya meza yake. Aliutazama. Akauliza, "Mbona hukusema?" Sikuwa na jibu. Alimpigia fundi, na fundi alipokuja maabara alivirudisha chini ya dakika 1. Niliangalia saa. Nilirudia jaribio, lakini ile dakika bado naihesabu dhidi ya miaka yangu minne, na lawama siwezi kumpa fundi peke yake.

Tasnifu yangu inahusu lile soko. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 2012, wakimbizi wakarudishwa Burundi, na akina mama wa upande wetu wakabaki na vikapu. Nimerudi nyumbani kuwahoji. Mama alikuwa wa mwisho, maana niliogopa.

Usiku nilikuwa naandika mazungumzo yake kutoka kwenye rekodi, yeye kakaa pembeni akichambua maharage. Shift, kisha mshale wa kushoto: sauti inarudi nyuma sekunde chache. Naandika. Shift, mshale.

"Mwanangu, mbona vyote unavifanya kwa mkono mmoja?"

"Inatosha, mama."

Rekodi ilikuwa imefika kwenye bei za unga. Halafu, bila kuulizwa, sauti yake inaitaja siku ile, inalitaja jina la yule mama wa kuni, inanyamaza. Kuku anasikika. Kanuni inanitaka niandike ukimya umechukua sekunde ngapi.

Mama aliacha kuchambua.

"Hilo jina," akasema. "Lirudishe."

Shift. Mshale.

"Tena."