Tazama Rangi, Achana na Saa

Msibani kwa mzee aliyenifundisha kazi, msoma wasifu alisema marehemu aling'oa meno ya nusu ya Arumeru. Watu wakacheka kidogo, kama inavyoruhusiwa pale marehemu anapokuwa amekula chumvi nyingi. Mimi sikucheka. Kumwita mzee yule mng'oaji ni kumdhulumu. Jina la Babu Koleo tulimbandika kwa utani, maana koleo lake lilikaa kabatini kuliko la mtu mwingine yeyote pale hospitalini. Kazi aliyoijua barabara ilikuwa ya gamba la nje la jino, enameli, hasa ile iliyoharibikia ndani ya ufizi kabla jino halijaota. Kwa kuwa wasifu haukulitaja hilo, nalitaja mimi, sasa nimestaafu na hakuna wa kunihamisha kituo.

Nilizaliwa mashariki ya Mlima Meru, si mbali na mto Maji ya Chai. Maji ya mto huo yana floraidi inayozidi miligramu 10 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Sisi tuliyanywa, mama akayapikia, na kwenye makande akatia magadi ili mahindi yaive upesi. Magadi nayo yana floraidi yake. Meno yangu ya utu uzima yaliota meupe yasiyong'aa, na baada ya miaka michache yakageuka kahawia. Nilipokwenda shule ya bweni mkoa mwingine, wenzangu waliniuliza kama kwetu mswaki haujafika. Nikajizoeza kucheka mkono ukiwa mdomoni. Kisha chuo, cheti, barua ya kupangiwa kazi, na nikajikuta nimerudi mkoa uleule nikiwa tabibu wa meno. Mengine ya ujana wangu hayamfai msomaji.

Babu Koleo alinipokea kwa kunitazama meno kabla hajanitazama barua. "Wewe ni wa huku," akasema. "Basi hutawacheka wagonjwa."

Somo lake la kwanza lilikuwa namna ya kuuliza. Tulikuwa na mazoea ya kumwandika kila mwenye doa kuwa ni mgonjwa wa floraidi, tukafunga faili. Yeye alikataa. Usimuulize mgonjwa anaishi wapi, alisema. Muulize akiwa na miaka miwili, mitatu, alikunywa maji ya wapi. Vichwa vya meno ya mbele huumbwa tangu kuzaliwa hadi kwenye miaka minne au mitano, na chembe zinazotengeneza enameli hufa kazi inapokwisha. Hazirudi tena. Ndiyo maana alikuja ofisa mmoja kutoka Dar es Salaam, hajakanyaga Arusha tangu utotoni, meno yake ya kahawia kabisa, kumbe alilelewa Leganga kwa bibi yake. Na ndiyo maana mtu mzima aliyehamia kwetu kutoka pwani hana haja ya kuhofia meno yake ya mbele, ingawa kwa miaka mingi ya kunywa maji yale mifupa yake inaweza kudhurika.

Kisha tazama mpangilio. Doa la floraidi huja kwa jozi: jino la kulia na mwenzake wa kushoto, kwa kuwa waliumbwa wakati mmoja. Likiwa jino moja tu limeharibika, uliza kama mtoto alianguka, au kama jino la utoto lililokuwa juu yake liliota usaha. Mistari ya kijivu iliyolala upana wa meno yote? Uliza kama alipewa tetrasaiklini akiwa mdogo. Ukikuta magego ya kwanza yanamomonyoka na meno ya mbele yana mabaka yasiyolingana, hiyo ni hitilafu nyingine ya utotoni. Meno yote, ya baba, ya shangazi na ya mtoto, yana gamba jembamba la manjano, hayo ni ya ukoo. Na chonge lililoota na shimo au limepinda lilimtia hasira kila mara, kwa sababu alijua chanzo: mtoto mchanga aliharisha, akaambiwa ana "meno ya plastiki", fundi wa kienyeji akamkwangua ufizi kung'oa kijino ambacho hakijaota, na chuma kikagusa mbegu ya jino la ukubwani. Familia ilikuwa imeshalisahau jambo lenyewe, mpaka kijana alipoletwa na chonge lake.

Waliokuja kwetu kwa ajili ya madoa hawakuwa watoto. Mtoto wa miaka minane hajali. Walikuja wa miaka kumi na minne na kuendelea, wasichana kwa wavulana, halafu wale wa kabla ya harusi na wale wa kabla ya usaili wa kazi. Wengi walikuwa wamekwisha kujaribu limau na magadi, mkaa, hata mchanga. Jamani, limau linakula enameli! Linachukua hata ile kidogo iliyo nzima.

Na hapa niseme jambo ambalo vijana wa kazi yetu wanalipita haraka. Jino la floraidi halioti likiwa kahawia. Huota jeupe, halina mng'ao, kwa kuwa chini ya uso wake kuna tabaka lililobaki na vitundu vidogo visivyojaa madini. Juu ya tabaka hilo kuna ngozi nyembamba iliyokaza. Ngozi ikipasuka kwa kutafuna, vitundu hunywa rangi ya chai na ya chakula. Kwa hiyo kahawia ile ni ya baadaye na mara nyingi haiko mbali na uso. Haihitaji tindo. Babu alikuwa akiifunika fizi kwa kipande cha mpira, anasugua doa kwa jeli ya asidi ya fosfori iliyochanganywa na unga wa jiwe la volkano, anaosha, anatazama, anarudia, na anajua pa kuacha. Enameli ya mbele ya jino ina unene wa milimita moja hivi, nayo kazi hii huondoa sehemu ndogo tu ya unene huo. Jambo lenyewe si geni: kule Colorado Springs, Marekani, ambako Frederick McKay alifungua kliniki mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, daktari Walter Kane alikuwa akiyaondoa madoa kwa asidi ya haidrokloriki tangu mwaka 1916, kabla hata chanzo hakijajulikana. Mkemia H. V. Churchill alikuja kuitaja floraidi mwaka 1931.

Palipokuwa na mashimo, kusugua hakukutosha; ilibidi kujaza kwa resini inayokaushwa kwa taa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Tangu Michael Buonocore aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi ya fosfori huikwaruza enameli ili resini ipate pa kushika, kila kiwanda kina karatasi yake ya maelekezo. Ya kwetu ilisema sekunde 15. Ukiosha na kukausha enameli ya kawaida baada ya muda huo, huwa nyeupe iliyofifia, mfano wa kioo cha dirisha la bafu. Jino la mtu wa Ngarenanyuki, kwenye maji ya floraidi kama ya kwetu, ukilifanyia hivyo, unalikausha na uso wake haujabadilika. Ile ngozi iliyokaza inaikataa asidi. Babu alikuwa anaikwaruza kwanza, anapaka asidi, anatazama, anapaka tena. "Saa ya ukutani haijui nani amekaa kwenye kiti," alituambia. "Tazama rangi."

Tukaletewa mkuu wa kitengo, kijana aliyesoma vizuri, mwenye shahada ambayo sisi hatukuwa nayo. Alimkuta Babu akipaka asidi mara ya pili.

"Mzee, unaunguza jino la mgonjwa."

"Daktari, hebu likaushe ulione."

Hakulikausha. Siku iliyofuata karatasi ya kiwanda ilikuwa imebandikwa ukutani, sekunde 15 zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Tukatii, na resini zikaanza kurudi, wagonjwa wamezifunga kwenye karatasi. Mkuu akasema tunaacha mate yaingie. Kwa haki, mate ndiyo adui wa kwanza wa kazi ile, na si kila mmoja wetu alikuwa makini. Lakini kwa nini mate yawe mengi kwa watu wa Ngarenanyuki na Oldonyosambu, yawe machache kwa watu wa Moshi? Swali hilo Babu aliliuliza kikaoni, kwa adabu, mbele ya wote. Hakujibiwa. Muda si mrefu akaondolewa kwenye kiti, akapewa kazi ya kuzunguka shule za msingi kufundisha kupiga mswaki.

Adhabu ile aliifanya kuwa kazi ya kweli. Aliitisha mikutano na akina mama, akawaambia mambo ambayo nilitamani yasemwe zamani kwa mama yangu. Kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji makali, kwa hiyo anyonyeshe. Kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi; maji yakipungua sufuriani, inayobaki huwa kali zaidi. Kwamba mvua ya bati ni salama kwa uji wa mtoto, na magadi yasiingie kwenye chakula chake. Aliwapeleka hata Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji, kuona mifupa ya ng'ombe ikichomwa ili ichuje floraidi. Baadhi ya wanawake walirudi wakisema hawawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Hilo nalo alilisikiliza, akarudi kwenye mvua. Na wakati huo usisahau kwamba serikali yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, maana kwa kiwango cha chini ya hapo visima vingi vingefungwa. Baadaye ikashuka hadi 4, kisha ndipo 1.5.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Mkuu akiwepo nilitazama saa. Asipokuwepo nilitazama rangi. Zilizorudi zilikuwa za saa.

Sasa mjini kuna kliniki zenye mabango ya meno meupe kuliko karatasi. Kijana wa miaka kumi na saba anaingia na madoa ya kusuguliwa kwa kikao kimoja au viwili, anatoka amechongwa meno sita na kuvishwa vigae. Wenzangu, mnachonga nini pale? Jino la umri huo lina kiini kikubwa, na ukichonga unakisogelea. Kigae siku moja kitavunjika au kitabanduka, na chini yake enameli haitaota. Kijana yule umemfanya mteja wa maisha, na pengine ndiyo nia. Nimesikia hoja kwamba mgonjwa ndiye anayetaka. Mgonjwa anataka kucheka bila kuweka mkono mdomoni. Hajui njia zilizopo. Mwonyesheni ya bei nafuu kwanza, halafu achague.

Mkuu wetu wa zamani naye ana kliniki siku hizi. Tulikaa meza moja kwenye harusi mwaka jana. Nikamwamkia, tukala vizuri, tukafika kwenye nyama ya mwisho kabla hajaniuliza, huku anatabasamu, kama bado ninapaka asidi mara mbili. Nikamwambia nimestaafu, lakini jibu ni ndiyo. Akasema maelekezo ya kiwanda hayajabadilika. Nikamjibu kiwanda hakijawahi kunywa maji ya Ngarenanyuki, na kwamba akitaka tuumalize ubishi, alete mgonjwa wa huko kwenye kiti chake mwenyewe, apake kwa sekunde zake 15, aoshe, na safari hii alikaushe jino tulitazame wote wawili. Amesema atanipigia simu.