Soul Ilipopigwa Marufuku Dar es Salaam

Vijana wanaonijia kuuliza habari za muziki wa zamani huanza na NUTA Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na Mbaraka Mwinshehe, na hawakosei. Lakini Dar es Salaam ya ujana wangu ilikuwa na muziki mwingine uliotunyima usingizi, ambao haukutoka Morogoro wala Kongo. Ulitoka Memphis na Detroit, ukashuka bandarini ndani ya mabegi ya mabaharia na makasha ya wenye maduka, kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Tuliuita soul, kama wenyewe walivyouita. Ilipofika mwaka 1968 ungetafuta sana kabla ya kumpata kijana wa Kariakoo, Gerezani au Ilala asiyewajua James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett, Percy Sledge na Aretha Franklin.

Nilikuwa bado shule ya sekondari. Aliyenitia katika mambo haya ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, karani wa bandarini ambaye pesa yake yote ya starehe iliishia kwenye santuri. Alikuwa na gramafoni ya betri, ile inayofungwa kama mkoba, na alikuwa na sheria zake. Santuri haishikwi usoni, inashikwa ukingoni. Hailazwi kitandani. Haiazimwi mpaka jina la mwazimaji liandikwe kwenye daftari. Na wimbo ukianza, hakuna maongezi mpaka sindano inyanyuliwe.

Hiyo sheria ya kuazima ilikuwa na sababu. Mwisho wa juma kulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana, linalokwisha jioni mapema ili watoto wa watu warudi makwao. Bendi za vijana zilizopiga huko hazikuwa na nota za kusoma. Shule yao ilikuwa santuri. Mpiga gitaa anaazima Sam & Dave siku ya Alhamisi, anairudisha sindano nyuma tena na tena mpaka aupate mkono wa Steve Cropper, mpiga gitaa wa Memphis, na mwimbaji anaandika maneno ya Kiingereza kadiri sikio lake linavyoyapokea. Jumatatu santuri inarudi imekwaruzika, inalia kama karanga kikaangoni. Ndiyo maana leo ni adimu mno kupata nakala safi ya soul iliyoishi Dar miaka ile. Zilipendwa mno, zikafanyishwa kazi mno.

Tulinunua kwenye maduka ya mjini, mengine yakiwa katika barabara ambayo sasa ni Samora na wakati ule ilikuwa Independence Avenue. Namkumbuka mwenye duka mmoja, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, aliyekuwa akikupigia upande mmoja tu. Wa pili ukausikilize kwako.

“Kijana, mkono yako iko jasho. Shika pembeni.”

“Ndiyo, mzee.”

“Hii ya Otis iko moja tu. Ingine iko Nairobi, bado fika.”

Alisema kweli. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Hata nyimbo za bendi zetu zilirekodiwa hapa zikaenda kufyatuliwa Kenya, ndipo zikarudi kuuzwa kwetu. Za soul zilitufikia kwa njia ya Nairobi, Uingereza, au moja kwa moja kutoka Marekani, na kaka alinifundisha kuzitambua kabla ya kuzipiga. Ya Marekani ilikuwa na tundu kubwa katikati, ikihitaji kipande cha plastiki ndipo ikae kwenye gramafoni. Wimbo ule ule wa Stax, kampuni ya Memphis, ukitokea Uingereza, ungeweza kuja na lebo ya Atlantic. Tulisoma lebo jinsi wengine wanavyosoma gazeti: mtunzi ni nani, mtayarishaji nani, urefu dakika ngapi, namba gani. Kwa kuzisoma tukagundua kwamba jina la Cropper lilikuwa kwenye “In the Midnight Hour” ya Pickett na pia kwenye “Knock on Wood” ya Eddie Floyd. Baadaye ndipo tukajua kwamba studio ya Stax ilikuwa jengo la sinema lililoachwa, katika McLemore Avenue huko Memphis, na kwamba bendi ya ndani, Booker T. & the M.G.’s, ilikuwa na Weusi wawili na Weupe wawili katika mji uliokuwa umewatenga watu kwa rangi.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi kaka alivyosikiliza. “I’ve Been Loving You Too Long” ya Otis ilitoka mwaka 1965 kwenye santuri ndogo ya Volt, lebo dada ya Stax. Mwaka huo huo ikaingizwa kwenye santuri kubwa, *Otis Blue*, na toleo la stirio la santuri hiyo kubwa ni rekodi nyingine kabisa, Otis aliuimba upya. Hakuna aliyetuambia. Kaka aliziweka moja baada ya nyingine usiku mmoja, akaniambia, “Sikiliza, dogo, hapa hakuvuta pumzi palepale.” Tulirudia mpaka betri ikaanza kuchoka na Otis akaanza kuimba kwa sauti nzito ya mtu mwenye homa. Huko ndiko kukusanya santuri kulikoanzia kwangu. Sikutafuta wingi. Nilitaka kujua pumzi ya mtu imekaa wapi.

Otis alikwisha kufa wakati huo. Ndege yake ilianguka ziwani huko Wisconsin tarehe 10 Desemba 1967, akafa pamoja na vijana wanne wa bendi yake, Bar-Kays. Mjini kwetu palikuwa na bendi ya vijana ikijiita Barkeys, na kila tuliposikia jina hilo likitangazwa ukumbini tulilikumbuka lile ziwa.

Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza tangu mwaka uliotangulia kwamba ikifika Januari Mosi sketi fupi, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana ziwe zimekwisha. Novemba ikafika zamu ya muziki. Uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule Dar es Salaam ilikuwa chini yake, ukapiga marufuku soul mjini, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na sijawahi kuicheka. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, chachacha na twist lakini hatukuwahi hata kusikia habari za gombe sugu au mangala. Alikuwa anasema kweli. Mkoloni alitufundisha kuzionea aibu ngoma za babu zetu, na nchi changa ina haki ya kuukataa ufundisho huo. Ninachokataa mimi, na nilikikataa hata wakati ule, ni kuiweka soul upande wa mkoloni. Huu ulikuwa muziki wa wajukuu wa watumwa, uliolelewa makanisani mwao, na mwaka mmoja kabla ya marufuku James Brown alikuwa ametoa “Say It Loud – I’m Black and I’m Proud”. Mji wetu uliwapokea wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola na Afrika Kusini. Wimbo huo ulistahili kupokewa pamoja nao.

Mjomba wetu alikuwa balozi wa nyumba kumi na mpenzi mkubwa wa NUTA Jazz. Siku chache baada ya tangazo alikuja usiku chumbani kwa kaka.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hicho chombo bado kinalia?”

“Kinalia, mjomba, ila kwa sauti ya chini.”

“Majirani wameshanifikishia. Sitaki kesho niambiwe kwamba nyumba ya ndugu wa balozi ndiyo inayopiga yaliyokatazwa.”

Kaka hakumjibu. Alimvutia kiti, akaweka ile santuri ya Volt. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa magotini.

“Huyu bwana yuko wapi?”

“Alishafariki, mjomba. Ajali ya ndege.”

“Inna lillahi.” Akainuka. “Fungeni dirisha.”

Tukafunga, na lilibaki limefungwa miezi mingi. Nimefikiri sana juu ya lile dirisha. Ukumbini soul ilikuwa miguu na jasho, nusu ya wimbo hukuisikia kwa kelele za wenzako. Chumbani, kwa sauti ya kunong’ona, tulianza kusikia mambo ambayo kwenye bugi yasingesikika: jinsi Al Jackson, mpiga ngoma wa bendi ya Stax, anavyochelewesha ngoma kidogo tu kuliko unavyotarajia, au jinsi tarumbeta zinavyoingia mwishoni mwa “When a Man Loves a Woman” ya Percy Sledge zikiwa hazikukaa sawa na sauti, na bado wimbo unakuumiza vile vile. Tukaanza kugeuza santuri na kupiga upande wa pili, ule ambao redio na bendi hazikuujali. Marufuku ilitunyang’anya dansi, na kwa hilo sijaisamehe, maana ujana haurudi. Lakini kundi letu dogo la wasikilizaji lilizaliwa ndani ya chumba kile chenye joto.

Bendi nazo hazikufa. Vijana waliokuwa wakinakili Memphis walianza kutunga kwa Kiswahili, na mwenye sikio aliweza kusikia walikotoka. Sikiliza Afro 70 ya Patrick Balisidya, au Sunburst, ambao miaka ya sabini walichanganya soul, roki na midundo ya kwetu bila kumwomba mtu radhi. Santuri yao kubwa, *Ave Africa*, ya 1976, ilikuja kuwa adimu kiasi kwamba wengi walisikia habari zake tu mpaka lebo ya Strut ilipozitoa upya rekodi zao mwaka 2016.

Juni 1974 Mkutano Mkuu wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Chuo Kikuu, Mlimani, na Wamarekani Weusi walikuja kwa mamia. Kupitia rafiki nilimpata mmoja wa Detroit aliyetaka santuri za bendi zetu. Nilimpa NUTA Jazz na Morogoro Jazz. Baada ya kurudi kwao alinitumia kwa posta Edwin Starr, “Stop Her on Sight”, ya 1966, kwenye lebo ya Ric-Tic, kampuni ndogo ya Detroit ambayo Motown iliishia kuinunua. Ilifika kati ya makadi mawili ya boksi la viatu, haina mkwaruzo. Aliniandikia kwamba Motown yenyewe ilikuwa imeshahamia Los Angeles, na kwamba mtaani kwao watu walihisi wameachwa. Barua hiyo ninayo ndani ya jalada la santuri.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na njia ya Nairobi ikafungika nayo. Kaseti zilikuwa zimeingia. Watu wakawapa watoto santuri wachezee, wakazifunikia mitungi, wakaziacha darini chini ya mabati mpaka zikajikunja. Kaka alipofariki niliokoa za kwake kabla ya msiba kwisha, na baadhi ya ndugu walinishangaa kwamba naulizia masahani wakati wengine wanaulizia kiwanja.

Miaka ya karibuni wamekuja wanunuzi kutoka Ulaya. Mmoja, Mwingereza wa rika langu, alipoiona Ric-Tic alikaa chini. Alinisimulia ukumbi wa Wigan Casino, ulioanza usiku wa soul mwaka 1973 na kuumaliza 1981, ambako watoto wa wafanyakazi wa viwandani walikesha wakicheza santuri za Weusi zilizoshindwa kuuzika kwao Marekani. Alisema nakala ya Frank Wilson, “Do I Love You (Indeed I Do)”, ya 1965, iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Nilimwelewa kuhusu kukesha, ila bei haikunigusa. Wao walitafuta nyimbo za mbio ambazo hakuna mwingine anazo, sisi tulitafuta za polepole ambazo kila mtu aliwahi kuzililia. Tulisikilizana mpaka usiku, akaondoka na nakala zangu za ziada za Kilwa Jazz. Za Volt hakuniuliza bei.

Kwa hiyo, wewe ambaye babu yako ameacha sanduku la santuri, usilitupe na usimwuzie mpita njia kwa jumla. Ziondoe juani. Zisimamishe wima, usizilundike. Ukungu wa Dar unatoka kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini, kitambaa kikifuata mzunguko wa mistari, lebo isiloe. Kisha soma kila lebo, mbele na nyuma. Ukikuta iliyoandikwa Goldwax, ya James Carr, “The Dark End of the Street”, ya 1967, niite. Niliisikia Ilala mwaka 1970 kwa mtu aliyehama bila kuaga, na sijaipata nyingine iliyofika nchini. Uuze usiuze, nitakuja na sindano yangu.